Shika Kwanza Mkono wa Mama

Bega langu la kulia halipandi tena hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikitaka kuanika shuka namwita mjukuu, au namsubiri jirani apite. Daktari wa mifupa aliniambia ni ugonjwa wa wapaka rangi na wacheza tenisi. Nikamwambia sijawahi kushika burashi wala raketi. Nimeshika kichwa cha mashine ya ultrasaundi juu ya matumbo ya wanawake wa Arusha na Meru, tangu miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mpaka juzi nilipokabidhi funguo. Yeye alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa linauma.

Vijana mliobaki pale kliniki mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya kutazama moyo wa mtoto kabla hajazaliwa, hasa kwa akina mama ambao mimba zao zina hatari: wenye presha, wenye kisukari, waliokwisha kupoteza watoto. Nadhani mlitaka kitu cha kubandika ukutani. Hiki hakibandikiki. Ni kirefu, nami nimechoka, na mtu aliyechoka anasema yanayomjia. Nitajitahidi tu kuanzia mwanzo.

Mimi ni mkunga. Nilizaliwa Akeri, nikasomea uuguzi na ukunga, nikapangiwa wodi ya wazazi ya serikali katika miaka ambayo glovu zilifuliwa, zikapakwa poda, zikavaliwa tena. Mkunga mkuu pale alikuwa Mama Felista, Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Alitufundisha kwa kutugombeza. Halafu mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa bidhaa, mitumba ikamwagwa kila kona, na madaktari wakaruhusiwa tena kufungua hospitali zao. Mama Felista alipostaafu hakurudi Kibosho kulima migomba kama alivyokuwa akitutishia. Alikwenda kwa Dokta Kanti, aliyefungua kliniki ya uzazi ndani ya nyumba ya zamani pale Kaloleni. Baada ya muda akaniita.

"Njoo huku," aliniambia. "Kazi ni ile ile, ila huku sabuni ipo."

Dokta Kanti alikuwa Mhindi mzaliwa wa Arusha, mtoto wa muuza vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha haraka, kisicho na salamu nyingi. Hakuwa na subira na mtu yeyote duniani isipokuwa mgonjwa. Kwa mgonjwa angeweza kukaa nusu siku akimsikiliza habari za mbuzi wake. Sisi akitusikia tukivuta pumzi tu, ameshauliza tunasubiri nini.

Mashine ilikuja ndani ya boksi la mbao, ikiwa imetumika nchi za watu, ikapitia Nairobi, ikashushwa mlangoni na wabebaji walioamini ni televisheni. Hawakukosea sana. Ilikuwa na skrini ya ukubwa wa sahani, na wiki ya kwanza mimi niliona chengachenga tu. Dokta Kanti alikuwa akisema, "Huu mgongo, unaona?" nami naitikia, "Ndiyo dokta," kumbe sioni mgongo wala tumbo. Siku moja akageuza kichwa cha mashine juu chini bila kuniambia, akaniuliza kichwa cha mtoto kiko wapi. Nikaonyesha. Akaniambia hicho ni kibofu cha mkojo cha mama. Tangu siku hiyo niliacha kuitikia nisichokiona, na hilo ndilo somo ambalo ningependa kweli mlibandike ukutani.

Jeli ya kupaka tumboni ilipokuwa ikiisha dukani tulipika ya kwetu, kwa wanga wa muhogo, maji na chumvi kidogo. Kupika ilikuwa zamu yangu. Ukizidisha moto unapata ugali. Ukipunguza inatiririka hadi kwenye godoro. Mama mmoja aliichota kwa kidole, akaionja, akaniambia haijaiva. Umeme nao ulikuwa wa mgao. Jenereta likiwaka, picha inatetemeka, na huwezi kujua kama ni mtoto anayetetemeka au ni mafuta mabaya. Kwa siku kama hizo tulikuwa na kimashine kidogo cha betri, kisicho na picha, kinachotoa tu sauti ya moyo kwa spika. Na kama betri nazo zimekufa, ilikuwepo pembe ya mbao ya kutegea sikio, ambayo haijawahi kuharibika tangu dunia iumbwe.

Kuhusu moyo wenyewe nilifundishwa na watu wawili. Dokta Kanti alisema moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vya juu vinaita, vya chini vinaitika. Usiseme umeuona moyo mpaka umeviona vyumba vyote, na kila mlango umeuona ukifunguka na kufungika. Mama Felista hakujali vyumba. Yeye alisema hatari kubwa kwa mkunga ni kwamba ndani ya mwanamke mjamzito mna mioyo miwili, na mshipa mkubwa wa mama unapita pale pale nyuma ya mtoto. Mama akiwa na hofu, moyo wake unakimbia. Mkunga mwenye haraka anausikia tumboni, anaandika kwenye kadi kwamba mtoto ni mzima, na mtoto alikwisha kufa tangu juzi.

"Shika kwanza mkono wa mama," alisema. "Ukisikia kitu tumboni, kilinganishe na hiki cha mkononi. Vikienda pamoja, hujamsikia mtoto bado."

Nilipokuwa nasahau alinichapa kwenye vidole kwa ile pembe ya mbao. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na bado alinichapa.

Basi nikafanya kazi hiyo. Wanawake walitoka mashamba ya maua ya Usa River wakiwa wamevimba miguu kwa kusimama kutwa, wakatoka Ngaramtoni, wakatoka mjini kwenye familia za wafanyabiashara ambako mama mkwe anaingia na mkwewe na kujibu maswali yote badala yake. Wenye kisukari niliwatazama kuta za moyo wa mtoto kama zimenenepa. Wenye presha niliwatazama kama mtoto anakua au amesimama. Wengi walitaka kujua jambo moja tu, ni wa kiume au wa kike, na nikiwaambia nimekuja kutazama moyo waliniona mjinga. Na wapo ambao moyo niliukuta umenyamaza. Hilo halizoeleki, wala msimwamini atakayewaambia linazoeleka. Mama anakutazama usoni, hatazami skrini. Uso wako ndio unaosema kabla ya mdomo, kwa hiyo sema upesi, kwa maneno mafupi, na usimtume mwingine akaseme.

Katika wote hao yupo mmoja ninayetaka kuwaeleza kwa urefu. Jina lake Namayani, Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni. Aliletwa na mama mkwe wake, bibi mrefu mwenye masikio yaliyotogwa, ambaye sisi sote tulimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao ya Kimaasai. Namayani alikuwa amepoteza watoto wawili, wote tumboni, wote wakiwa wamekaribia kuzaliwa. Huyu alikuwa wa tatu, mimba ya miezi saba. Kwenye zahanati ya kwao nesi alikuwa ametega pembe, akasikia mapigo ya polepole, akayahesabu kuwa ya mama. Ya mtoto hakuyapata. Akawaambia mtoto amekufa, waende mjini akatolewe.

Sitaki mumcheke nesi yule. Mtoto mzima moyo wake unakwenda mbio kuliko wa mama, mara mbili hivi. Ukisikia tumboni kitu kinachokwenda taratibu, akili yote inakwambia ni mama. Hata mimi ningesema hivyo, isipokuwa vidole vyangu bado vilikuwa vinakumbuka ile pembe.

Namayani alilala kitandani pangu akiwa amegeuza uso ukutani. Nilimshika kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, nikapaka jeli, nikaweka mashine kwa wa kulia. Mkononi mwake moyo ulikuwa unakimbia kwa hofu. Kwenye skrini niliona moyo wa mtoto, nao unapiga. Mtoto alikuwa hai. Lakini ulipiga, ukakaa, ukapiga tena, ukakaa, mpaka nikadhani mashine imekwama. Nilimtazama mama, nikatazama skrini, nikakimbia korido nzima.

"Dokta, wa Ngaramtoni mtoto wake yu hai, lakini anakufa," nilisema. "Tumpeleke kwenye upasuaji sasa hivi."

Ndivyo tulivyofundishwa sote: mapigo yakishuka namna hiyo mtoto anakosa hewa, shika kisu. Dokta Kanti alikuja anatembea upesi, akakaa kwenye kiti changu, akaweka mashine kwenye ile sehemu inayochora mwendo wa moyo kwa mistari. 

"Kaa hapa," aliniambia. "Tazama mstari wa juu. Vyumba vya juu vinakwenda namna gani?"

"Haraka, dokta. Kama kawaida."

"Na vya chini?"

Vya chini vilikuwa vinakwenda mwendo wao, polepole, bila kufuata vya juu hata kidogo.

"Juu wanaita, chini hawasikii," alisema. "Njia ya katikati imekatika. Huyu mtoto hakosi hewa. Ndivyo moyo wake ulivyo. Nimesoma habari zake, sijawahi kumwona." Akatafuta maji kuzunguka moyo na tumboni mwa mtoto, maana moyo unaposhindwa kazi, maji hukusanyika. Hakukuwa na maji. "Basi leo hafi," akasema.

Sasa eleweni shida iliyokuwa mbele yetu. Tukimtoa mtoto siku ile, angekuwa mdogo mno. Wakati ule watoto wa namna hiyo tuliwazungushia chupa za maji ya moto na sala, na wengi hawakukaa. Mdogo, tena mwenye moyo wa polepole, ingekuwa ni kumzika tu. Tukimwacha ndani akomae, moyo ungeweza kushindwa wakati wowote, na mama angebeba maiti ya tatu. Dokta Kanti alichagua kusubiri. Alisema Namayani akae karibu, awe anatazamwa kila wiki, na siku tutakapoona maji ndipo tutakapokimbia.

Koko alikataa.

"Sisi tumeambiwa mtoto amekufa," alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kiti. "Mtoto mfu akikaa ndani anaoza, anamwua mama yake. Wawili nimewazika. Huyu mama yao sitamzika. Mtoeni."

Dokta Kanti alimwonyesha skrini. Akamweleza vizuri, kwa ile subira yake ya wagonjwa, akimwonyesha kwa kidole: huu moyo, unaona unafungika, unafunguka. Koko alitazama kwa adabu mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "pale Ngaramtoni kuna banda la video. Wanaonyesha watu wanatembea, wanapigana, wanacheka. Wajukuu wangu wanasema wengine mle walikufa zamani."

Yule bibi hakuwa mjinga. Alikuwa na mkwe mmoja aliye hai kitandani, na watu wawili wanaopingana, mmoja wa zahanati anasema mfu na mwingine wa mjini anasema mzima. Angemwamini nani, na kwa nini?

Mama Felista alikuwa amesimama muda wote nyuma ya pazia akikunja vitambaa. Alitoka, akasema, "Shikamoo koko," maana bibi alimzidi umri, akamshika mkono kama anampeleka kanisani. Akamketisha kando ya kitanda. Akachukua vidole vya bibi, akavitua juu ya kifundo cha mkono wa Namayani.

"Unausikia?"

"Nausikia. Unakimbia."

"Huo wa nani?"

"Wa huyu mkwe wangu."

Mama Felista akanipa ishara. Nikakitua kile kimashine cha betri tumboni, nikatafuta, spika ikakoroma, kisha ikatoka ile sauti nzito ya taratibu. Dup. Halafu kimya. Dup. Chini ya vidole vya Koko moyo mwingine ulikuwa unakwenda mbio. Bibi akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa ameinamisha, na midomo yake ikawa inacheza kidogo akifuata mapigo, mara haya, mara yale. Hayakukutana.

"Hawa ni wawili," alisema.

Kisha akamwambia Namayani maneno mafupi kwa Kimaasai, na Namayani, ambaye tangu aingie hakuwa ametoa hata chozi, akalia kwa sauti. Nilimuuliza siku nyingine aliambiwa nini. Alisema aliambiwa, "Amka ule." Kwa desturi yao mimba ikikua mama anapunguziwa chakula, ili mtoto asiwe mkubwa wa kumpasua, na Koko aliishikilia desturi hiyo kwa ukali. Siku ile aliiachia.

Namayani akapangishiwa chumba kwa ndugu yao pale Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, na Koko akahamia naye akiwa na vibuyu vyake vya maziwa. Kila wiki walikuja kwa miguu, mkwe mbele na bibi nyuma. Na kila wiki mimi nilitafuta maji, ambayo kwenye skrini huonekana meusi. Sijui nieleze vipi uchovu wa kazi hiyo. Kuna kazi zinazochosha mgongo. Hii unakaa, unakodoa macho kutafuta weusi mdogo kando ya moyo mdogo, ukiomba usiuone, na ukiuona hutajua kama umeuona kweli au umeuogopa mpaka ukatokea. Usiku nilikuwa nikifumba macho naona skrini. Mume wangu aliniuliza kama nimeanza ugonjwa wa macho. Nilimwambia ndiyo, ili aniache.

Wiki moja niliuona. Ulikuwa uzi mweusi, mwembamba, upande mmoja wa moyo. Nilimwita Dokta Kanti naye akauona. Namayani alikuwa anatutazama nyuso, kwa hiyo nikamwambia hapo hapo kwamba kuna kitu kidogo ambacho hatukipendi na tunakizungumza. Dokta Kanti alitoka nje, akazunguka mti wa mkaratusi uliokuwa uani, akarudi.

"Mimba bado changa," alisema. "Kidogo tu. Unaonaje, mama?"

Alikuwa anamuuliza Mama Felista. Mama Felista alisema, "Mimi ningemuuliza mwenyewe."

Basi akamuuliza mwenyewe. Akamwambia kweli tupu: nikimtoa leo naogopa, nikimwacha naogopa. Namayani alikaa akafikiri. Akasema wale wengine wawili waliacha kucheza siku kadhaa kabla. Huyu alikuwa amecheza asubuhi ile, akampiga teke Koko aliyekuwa ameegemea tumboni kumsikiliza. "Mwache kwanza," alisema. "Anacheza."

Tukaacha. Nilimtazama kila siku badala ya kila wiki. Ule uzi haukunenepa. Baadaye ukapotea, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwa nini, na Dokta Kanti alisema kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, "Sijui, na sitaki kuuliza."

Mtoto alipokomaa vya kutosha ikapangwa siku ya upasuaji, kwenye hospitali kubwa ambako Dokta Kanti alikuwa na ruhusa ya kupasulia. Hakutaka kungoja uchungu, maana katika uchungu mapigo ndiyo yanayotuambia kama mtoto anaumia, na ya huyu hayakuwa na la kutuambia. Nilikwenda na Namayani asubuhi hiyo. Sikuwa na kazi yoyote mle ndani. Nilisimama tu ukutani kwa sababu nilikuwa nimemjua mtoto yule kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Manesi wa pale walikuwa wameelezwa tangu jana yake. Lakini zamu ilikuwa imebadilika, na aliyesimama kumpokea mtoto alikuwa binti mzuri, hodari, ambaye hakuna aliyemwambia.

Mtoto alitoka analia. Alikuwa wa kike, mwekundu, hasira tele. Binti akamlaza mezani, akashika kitovu kuhesabu mapigo kama alivyofundishwa, nikamwona uso unambadilika. Akaweka vidole viwili juu ya kifua cha mtoto, akaanza kukibonyeza, kwa sababu kitabu kinasema mapigo yakiwa machache hivi, bonyeza. Mtoto analia kwa nguvu zake zote na mtu mzima anambonyeza moyo.

"Mwache alie!" nilipiga kelele. "Mwache! Huo ndio moyo wake!"

Chumba kizima kiligeuka. Dokta Kanti, mikono yake ikiwa bado ndani ya mama, alisema bila kuinua kichwa, "Msikilizeni." Binti akaondoa vidole. Mtoto akaendelea kulia, akabaki mwekundu, moyo wake ukiendelea na mwendo wake. Nilimfunga kwenye kanga, nikampeleka kwa Koko koridoni. Koko hakumtazama usoni kwanza. Alifungua kanga, akaweka sikio kifuani, akakaa hivyo.

Walimwita Nashipai, yaani furaha. Kuna mashine ndogo inayopandikizwa kifuani kuusukuma moyo wa namna ile. Wakati huo haikuwepo kwetu. Ilikuwa nje ya nchi, na foleni ya kupelekwa nje mnaifahamu. Dokta Kanti aliandika, akapiga simu, akaandika tena. Huku mtoto anakua. Alichelewa kutembea, akatembea. Alikuwa anakimbia hatua chache, anachuchumaa, anapumua, anainuka. Wenzake walizoea kumsubiri. Alipoanza shule mama yake alikuja kunieleza kwamba mwalimu anamwita mvivu, nikafunga safari hadi Ngaramtoni kumweleza mwalimu. Alinisikiliza vizuri. Akaniuliza atapona lini. Nilimwambia hatapona, asimchape tu.

Kila mwaka Namayani alimleta kliniki, siku ya soko, nami nikamtegea sikio bila malipo wala kadi. Halafu miaka ikaenda. Mama Felista tukamzika Kibosho, kwenye migomba aliyokuwa akitutishia nayo. Dokta Kanti aliumwa, watoto wake wakamchukua, kliniki ikapata wenye mali wengine na mashine mpya inayoonyesha damu kwa rangi nyekundu na buluu. Na mjini kila kichochoro kikawa na bango la ultrasaundi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: wengine wakaanza kuuza picha za watoto wakitabasamu tumboni.

Siku moja nilimwona Namayani kwenye benchi, katikati ya wajawazito, akisubiri zamu kama wao. Nilidhani ana mimba. Zamu yake ilipofika nikamwambia, "Karibu, panda kitandani."

"Hapana, sista," alisema. "Nimekuja kukupa habari."

Nashipai alikuwa amefariki. Alipata homa wakati wa mvua, homa ya kawaida ya watoto wote, na moyo wake haukuweza kuongeza mwendo. Alikuwa amefika darasa la nne. Walikuwa wamekwisha kumzika. Koko alikuwa hai bado, ila haongei. Namayani alisema amezunguka kuwaambia wote waliomhangaikia mtoto yule, mmoja mmoja, na mimi ndiye wa mwisho kwa sababu ya nauli ya kuja mjini. Nililia. Sikuwa nimewahi kulia mbele ya mgonjwa, na sitawaambia msilie.

Kisha akatoa ndani ya shuka lake karatasi ndogo iliyofungwa kwenye nailoni. Ilikuwa picha ya kipimo chake cha mwisho kabla ya upasuaji; tuliwapa wote waliotaka. Lakini karatasi za mashine ile ya zamani hazikuchapwa kwa wino, zilichorwa kwa joto, na ukiziweka karibu na jiko zinageuka nyeusi kidogo kidogo. Yake ilikuwa nyeusi yote, kona hadi kona. Hakuwahi kupiga picha nyingine ya mtoto yule.

"Nionyeshe alivyokaa," alisema. "Nilikuwa naitazama, lakini sikujua kuisoma."

Nilivaa miwani. Hapakuwa na kitu. Nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye weusi. Hapa kichwa, nilimwambia, ameinamisha kidevu. Huu mgongo, ameulaza upande wako wa kushoto. Huu mkono, ameuweka shavuni. Hii miguu, ndiyo iliyompiga Koko.

"Na moyo?"

Nilikisogeza kidole chake kidogo tu, nikakiacha pale. Hakukiondoa. Huko nje akina mama wa kwenye benchi wakaanza kugonga mlango, tukawaacha wagonge.